Matangazo yasubiri mapumziko

Mwandishi, hilo ulilosema la watu kuyasubiri matangazo kwa hamu ni la Super Bowl, mchezo unaosimama kila mara. Soka ni dakika 45 mfululizo, ndiyo maana vituo vya TV vinatubania picha kwa matangazo mpira ukichezwa. Fainali ya Kombe la Dunia 2022, Mbappé kafunga penalti dakika ya 80, kituo tulichokuwa tunaangalia bandani kikashusha tangazo la kubeti likaziba nusu ya skrini. Dakika ya 81 kasawazisha, sisi tumesikia kelele za banda la jirani tu! Na wewe mdau uliyesema "bila matangazo hakuna mpira", nani kakataa? Uingereza tangu 2019 kampuni za kubeti zilikubali kutotangaza mechi ikiendelea kabla ya saa tatu usiku, na ligi yao haijafa. Yawekeni mapumziko, dakika 15 zinawatosha.