Mlinzi wa Anga Asiye na Cheo

Ndugu zetu askari wajua kuwa tukio kubwa hupenda kuja saa ile lindo limekwisha kuchosha. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2016, mjini Rosario, Argentina, fundi wa makufuli aitwaye Victor Buso alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye darubini yake. Aliielekeza kwenye NGC 613, galaksi ya anga ya kusini, akapiga picha fupi fupi mfululizo. Za mwanzo hazikuonyesha jambo. Yapata dakika 45 baadaye ikatokea nukta ya nuru, ikazidi kung'aa: nyota ilikuwa inalipuka. Akawapasha wenziwe habari bila kukawia, nao mabingwa wakageuza darubini zao kubwa.

Hatukubaliani na wasemao kuwa kazi hii ni mchezo wa wenye nafasi. Zile picha tupu, ambazo mwingine angezitupa, ndizo zilizothibitisha saa ya mlipuko.

Galaksi hiyo hupita juu ya anga letu pia. Doria ikimkuta kijana na darubini uwanjani, twaomba aulizwe kabla ya kushukiwa, na tochi ielekezwe chini, maana mwanga wake huharibu picha.