Afya Nyumbani: Ua la Dhahabu na Fedha

Kila nchi ina miti yake na majani yake ya dawa. Leo twawaalika twende mbali, hata Uchina, tukatazame ua moja dogo ambalo watu wa huko wamelitumia karne nyingi. Habari yake ina fundisho kwa kila mzazi mwenye mtoto nyumbani.

Mmea wenyewe hutambaa na kujizungusha juu ya miti na nyua. Wafaransa huiita jamii yake chèvrefeuille, na wataalamu huuita kwa Kilatini Lonicera japonica. Ua likichanua huwa jeupe. Baada ya siku moja au mbili hugeuka manjano. Hivyo juu ya tawi moja twaona maua ya rangi mbili. Ndiyo sababu Wachina wakaliita jin yin hua: jin ni dhahabu, yin ni fedha, na hua ni ua.

Wavunaji wa majimbo ya Shandong na Henan hawangoji ua lifunguke. Huchuma matumba yangali yamefumba, mwanzoni mwa majira ya joto, kisha huyakausha. Yakikauka hutokoswa katika maji, peke yake au pamoja na dawa nyingine.

Je, hutibu nini? Katika elimu ya kale ya Wachina, magonjwa mengine hutokana na “joto” na “sumu” mwilini. Na ua hili lahesabiwa kuwa lenye asili ya baridi, liondoalo joto hilo. Kwa hiyo hupewa wenye homa, wenye koo liumalo, wenye majipu, na wenye kuhara damu. Mganga Li Shizhen aliuandika mmea huu katika kitabu chake kikubwa cha dawa, alichokimaliza mwaka 1578. Mwaka 1798 mganga mwingine, Wu Jutong, aliandika dawa ya homa inayoanza, ambamo ua hili lachanganywa na tunda la lianqiao. Dawa hiyo yatumika hata leo.

Wataalamu wa siku hizi nao wamelichungua. Wamekuta ndani yake asidi ya klorojeni, ambayo imo pia katika kahawa, na luteolini. Katika maabara, maji ya ua hilo yamezuia vijidudu kadhaa. Hayo ni kweli. Lakini hapa ndipo tusimame kidogo.

Tarehe 31 Januari 2020, ugonjwa wa Korona ulipokuwa unaenea Uchina, habari ilitangazwa usiku kwamba dawa ya kunywa iitwayo Shuanghuanglian, iliyotengenezwa kwa ua hili na mimea mingine miwili, yaweza kuzuia virusi hivyo. Usiku ule ule watu walikimbilia maduka ya dawa, wakajipanga mistari mirefu katika baridi. Walikuwa wameonywa wasikusanyike, nao wakakusanyika! Kesho yake gazeti kubwa la nchi hiyo likawakumbusha kwamba kuzuia si kukinga wala kuponya. Kweli, haraka haraka haina baraka.

Kosa lilikuwa wapi? Chupa ya maabara haina tumbo, wala ini, wala damu. Dawa inywewayo hupita huko kote, na kiasi kilichozuia kijidudu ndani ya chupa huenda kisifike kamwe mapafuni. Ili kujua kama dawa yaponya, yafaa wagonjwa wengine wapewe, wengine wasipewe, kisha walinganishwe kwa uaminifu.

Tulinganishe na mmea mwingine wa Uchina, qinghao. Katika karne ya 4 mganga Ge Hong alishauri wenye homa waloweke mmea huo majini, waukamue na kunywa maji yake. Bibi Tu Youyou alipoyasoma hayo, alitambua kwamba huenda moto waiharibu dawa. Akaitoa pasipo joto kali, akainywa kwanza yeye mwenyewe mwaka 1972, ndipo wakapewa wagonjwa. Kutoka humo ilipatikana artemisinini, itibuyo malaria hata hapa kwetu Kongo, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hata hivyo majani yake yaliyochemshwa si sawa na vidonge. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa dawa ya malaria.

Mimea yote miwili ilitoka katika hekima ya wazee. Mmoja umeuvuka mto wa majaribio; mwingine, kwa sehemu kubwa, ungali ukingoni. Tusiwadharau wazee waliotuonyesha njia, wala tusisahau kwamba njia yapaswa kuendewa mpaka mwisho.

Basi, akina baba na akina mama, kinywaji cha moto chaweza kumtuliza mtu mwenye koo kavu. Lakini mtoto akichemka homa, asingoje sufuria ya majani, ya Uchina wala ya kwetu. Mpelekeni siku ile ile kwa mganga wa hospitali, damu yake ipimwe. Tena mwambieni bila haya kila dawa mliyompa nyumbani. Kuuliza si ujinga, na kusema kweli mbele ya mganga ni nusu ya uponyaji.