Bei ya zahabu: jibu la kwanza la Google si lazima liwe la kweli

Mchimbaji wa Mbau anapeleka zahabu yake Beni. Mbele ya kuuza, anafungua telefone na kuandika « prix de l'or ». Jibu la kwanza ndilo anashika. Ni hapo tunadanganyika.

Pale juu kabisa munaonaka mara nyingi matangazo: mwenyewe amelipia ile nafasi. Chini yake, Google inaangalia kama maneno yako yanapatikana ndani ya ukurasa, na kama ukurasa ni wa inchi yako. Anwani inayoishia na .cd, alama ya Congo tangu 1997, wakati Zaire ilibadilisha jina, haihakikishi kama mwenyewe ni wa Congo. Wala haisemi: huyu ni wa kweli. Kuko pia .gold, maana yake zahabu; mwenye pesa yeyote anainunua. Google yenyewe ilisema kama alama ya namna hiyo haipandishi mtu juu.

Bei inayofuatwa duniani, ile ya LBMA, inapangwa London mara mbili kwa siku ya kazi. Anwani yao ni lbma.org.uk: neno zahabu halimo.

Basi, hesabu wewe mwenyewe. Bei hiyo ni ya onsi moja, gramu 31,1 za zahabu safi. Uigawanye na 31,1, utapata bei ya gramu. Zahabu yetu haiko safi yote, kwa hiyo mnunuzi atapunguza kitu. Umuulize: anapunguza ngapi, na juu ya nini?