Jirani ajulishwe kabla majitaka hayajaongezwa ziwani

Ndagala wa Kigwena, Rumonge, ndiye dagaa wa Kigoma: ziwa ni moja. Mabwawa ya Buterere husafisha sehemu ya majitaka ya Bujumbura. Kibali cha mazingira cha mtambo wa aina hiyo kikiruhusu mapema kubadilisha pampu iliyochakaa, ni vyema. Matengenezo yasingoje mihuri huku uchafu ukimwagika. Lakini kuongeza majitaka, au kuhamisha bomba la kuyamwaga, si matengenezo. Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unataka majirani wajulishwe kabla ya shughuli zinazoweza kuwadhuru. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika isimamie hilo, na taarifa zifike mialoni. Samaki akikataliwa sokoni, hasara ni ya mchuuzi.