Programu ya bure yahitaji fundi wa kulipwa

Vyama vya akiba na mikopo vya wakulima vinavyotaka kutunza hesabu kwa kompyuta vina njia mbili: kununua mfumo na kulipia leseni, au kuchukua programu huria. Njia ya pili inavutia, lakini viongozi wa SACCOS waelewe kuwa kinachotolewa bure ni leseni tu.

Mfano mzuri ni Apache Fineract, iliyotokana na Mifos, mradi ulioanzishwa na Grameen Foundation kwa ajili ya taasisi ndogo za fedha. Msimbo chanzo wake uko wazi kwenye intaneti, na yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuubadilisha na kuutumia kibiashara.

Kazi huanzia hapo. Fundi anatakiwa aweke Java na kanzidata kama PostgreSQL kwenye seva, ajenge programu kutoka kwenye msimbo, kisha aiwashe. Hata ikiwaka, karani hataona ukurasa wa kuingizia marejesho, kwani Fineract ni injini tu. Kurasa hutoka kwenye programu nyingine ambayo nayo lazima iunganishwe. Nywila ya kuanzia imeandikwa kwenye maelekezo yanayosomwa na dunia nzima. Isipobadilishwa mapema, akiba za wanachama ni sawa na ghala lisilo na kufuli. Toleo jipya nalo, likiwashwa, linaweza kubadilisha mpangilio wa kanzidata. Bila nakala rudufu, kurudi nyuma ni vigumu.

Hiyo si sababu ya kuikataa. Msimbo ukiwa wazi, fundi mmoja akiondoka mwingine anaweza kuendelea. Mfumo uliofungwa humwacha mnunuzi mikononi mwa muuzaji, hata bei ikipanda. Uwezo nao upo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili.

SACCOS moja ya kijijini haimudu fundi peke yake. Vyama kumi vikichangia seva moja na mafundi wawili, ili mmoja akiugua mwingine awepo, mzigo unabebeka. Wakulima wamezoea kukodi lori kwa pamoja. Hili halina tofauti.

Kabla ya kupitisha bajeti, bodi ijiulize: mfumo ukizimika usiku wa kuamkia malipo ya mazao, nani ataamshwa? Kama hana jina, daftari la karatasi bado ni salama zaidi.