Bustani ya nyumba: Walafi wa kwenye tomati



Juma hili ninajibu ulizo linalorudi mara nyingi katika vikundi vyetu hapa Nyantende: je, ni vizuri kuondoa vile vitawi vinavyoota kati ya jani na shina la tomati? Wengine wanasema ni kutupa chakula, kwa sababu kila kitawi kinaweza kuzaa. Ulizo hilo ni la haki. Mama mwenye miche kumi na tano nyuma ya nyumba, anayetafuta humo mboga ya jioni na bei ya daftari za watoto, hawezi kuchezea hata mche mmoja.

Waagronomu wanaviita vitawi hivyo kwa Kifaransa gourmands, maana yake walafi. Kimoja kikiachwa kinakuwa shina jipya, nalo linatoa walafi wake. Mwishowe mche ni kichaka. Ni kweli kichaka kinaweza kuzaa tomati nyingi, lakini nyingi ni ndogo, na zinakawia kuiva.

Kwetu kuna sababu nyingine kubwa: mvua. Kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 5 majani yanalowa karibu kila siku. Majani yakisongamana hewa haipiti, na mildiu inaingia: madoa meusi kwenye majani, kisha matunda yanaoza. Ni ugonjwa uleule ulioharibu viazi vya Irlandi mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Kuondoa walafi hakuzuii ugonjwa kabisa, lakini majani yanakauka upesi, na doa la kwanza unaliona mapema.

Kwanza, ujue mbegu yako. Tomati fupi kama Roma inaacha kurefuka yenyewe, na inazaa kwenye matawi yake. Ukiyakata umekata mavuno. Hiyo iondolee tu vitawi vilivyo karibu na udongo. Tomati ndefu kama Money Maker, inayopanda mti bila kuchoka, ndiyo ya kuondolea walafi.

Namna ya kufanya:

1. Chagua asubuhi isiyo na mvua, umande ukiisha kukauka, ili kidonda kifunge mbele ya usiku.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Aliyeshika tumbaku anawe zaidi, maana tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye tomati. Mche wenye ugonjwa uuguse wa mwisho.

3. Tafuta kitawi kwapani, pale jani linaposhikana na shina. Kikiwa kirefu kama kidole, kikunje huku na huku. Kinavunjika bila kisu.

4. Usiguse kichwa cha mche, wala kishada cha maua. Maua yanatoka kwenye shina lenyewe, hayatoki kwapani. Mfundishe mtoto tofauti hiyo mbele ya kumtuma peke yake.

5. Rudia kila juma. Ukikuta mlafi amekwisha kuwa mnene, kata ncha yake tu. Ukimng'oa utaacha kidonda kikubwa.

Majani makubwa yaacheni, isipokuwa yale yanayogusa udongo. Jani ndilo jiko la mche, na pia linafunika tunda lisiungue na jua.

Vitawi mlivyovunja msiwape dende wala sungura. Majani ya tomati yana sumu. Lakini kitawi kizima chenye urefu wa kiganja, kutoka mche usio na ugonjwa, kinaweza kupandwa. Ondoa majani ya chini, kichomeke katika udongo wenye maji, kivulini. Kwa juma moja au mawili kinatoa mizizi. Huo ni mche wa bure kwa jirani ambaye hakupata mbegu.

Anayebaki na mashaka asibishane na mama mkwe wake. Kwenye mstari mmoja wa tomati ndefu aondoe walafi nusu, aache nusu. Siku ya kuvuna apime kila upande kwa kitunga kilekile, na ahesabu zilizooza pia. Leteni hesabu hizo kwenye mkutano, tuzilinganishe pamoja.

Juma lijalo tutaongea juu ya majivu na samadi: kiasi gani, na wakati gani. Kazi njema.