Bongo Movie impe mtunzi wa muziki kazi yake

Filamu za kusini mwa India zinatazamwa kwenye vibanda umiza vyetu zikiwa zimefunikwa na sauti ya Mswahili. Kazi hiyo ya kutia Kiswahili, ambayo Derek Mukandala, yule Lufufu, aliifanya ijulikane nchi nzima, humfikisha mtazamaji kwenye kisa lakini humzima mwigizaji, kwani maneno yake yanamezwa na ya msimuliaji. Kinachosalimika ni muziki. Kijana wa Unyambwa, pale pembezoni mwa Singida mjini, asiyejua neno hata moja la Kitamil, hujua adui yu karibu kabla hajamwona, maana ngoma na fidla zimekwisha kumtahadharisha. Aliyeipanga hofu hiyo hamjui, na wala si kosa lake. Magazeti yetu humtaja nyota, mara mojamoja mwongozaji, na mtunzi wa muziki tunampita kama mlinzi wa getini. Bongo Movie nayo humpita vivyo hivyo: mara nyingi muziki hutafutwa picha zikishakatwa na kuunganishwa, kwa kuokoteza vilivyokwisha rekodiwa. Ninadai kwamba uzembe huu unatugharimu kuliko uhaba wa kamera nzuri.

Mtazameni mtunzi Ilaiyaraaja. Alizaliwa mwaka 1943 katika kijiji cha Pannaipuram, Tamil Nadu, akakulia katika kundi la kaka yake Varadarajan lililozunguka vijijini likiimba kwenye mikutano ya chama cha Kikomunisti. Alipohamia Madras, ambayo leo ni Chennai, hakupokelewa kama bingwa. Alipiga gitaa katika bendi za wengine na kuwa msaidizi wa mtunzi G. K. Venkatesh kwa miaka, hadi mwaka 1976 alipopewa filamu yake ya kwanza, Annakili. Humo aliingiza mahadhi ya kijijini yaliyokuwa yakionekana ya kishamba mno kwa sinema, akayaandikia okestra, na nyimbo zikatapakaa. Tangu hapo ametia muziki katika filamu zaidi ya 1,000. Wengi huishia kwenye nyimbo zake, lakini mimi naona ufundi wake mkubwa upo pale pasipoimbwa. Tuzo mbili kati ya tano za taifa alizopewa na India, za filamu Pazhassi Raja na Tharai Thappattai, zilikuwa za muziki wa chini ya matukio, ule ambao mtazamaji hatoki nao mdomoni. Muziki wa namna hiyo hauokotwi, kwa kuwa lazima upimwe kwa tukio lenyewe: mlango ufungwe lini, mama anyamaze kwa muda gani.

Nitaambiwa kwamba India ina watazamaji wengi na fedha nyingi, na kwamba mtayarishaji wa Dar es Salaam anayepiga picha filamu nzima kwa siku chache hawezi kulipa wapiga fidla arobaini. Ni kweli, hawezi, na wala halazimiki. A. R. Rahman, aliyewahi kupiga kinanda katika kundi la huyohuyo Ilaiyaraaja, alitokea na Roja mwaka 1992 akitegemea sana vyombo vya umeme na studio ndogo ya nyumbani kwake, na mwaka 2009 akapata Oscar mbili. Kompyuta imeshusha gharama ya sauti. Haijaondoa haja ya mtu wa kufikiri. Na wapigaji tunao. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma jirani na sisi, aliifikisha ala ya ilimba ughaibuni, na chuo cha Bagamoyo alikofundisha bado kinafundisha sanaa. Wanyaturu wa hapa Singida wana nyimbo zao za harusi na za mavuno ambazo filamu zetu hazijazigusa ipasavyo. Filamu inayosimulia ugomvi wa shamba la alizeti Singida ikisikika kama tangazo la simu, wa kulaumiwa ni aliyeuacha muziki ukae mwisho wa orodha.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wingi. Anayetunga filamu 1,000 hujirudia, na Ilaiyaraaja amejirudia, sina haja ya kumtetea kwa hilo. Lakini wingi huo ndio uliowalipa yeye na wapigaji wake, ndio uliowalea vijana kama Rahman. Fundi asiye na kazi ya mfululizo hafiki kwenye kazi bora. Sisi tuna kinyume chake: mtunzi akiitwa, anaitwa mara moja, analipwa mkononi, na wimbo wake unabaki mali ya nani haijulikani.

Hapo pana somo jingine la India, tena chungu. Mwaka 2017 Ilaiyaraaja alimpelekea mwimbaji S. P. Balasubrahmanyam, rafiki yake wa miaka mingi, barua ya wakili akimzuia kuimba nyimbo zake jukwaani bila idhini, na kesi zake na kampuni za muziki zimevuta miaka mahakamani. Mashabiki waligawanyika. Kwetu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo. Kinachokosekana ni karatasi kati ya mtayarishaji na mtunzi kabla kamera haijawashwa, yenye kusema nani anamiliki muziki, filamu ikiuzwa runingani anapata kiasi gani, na jina lake linaandikwa wapi. Bodi ya Filamu ikiidai karatasi hiyo pamoja na muswada wa filamu, mtunzi atakuwa ameingia kwenye bajeti kabla ya mafuta ya jenereta.